Mwaka Niliokuwa Macho ya Felista

Laiti ningekataa. Siku dada yangu Felista aliponiomba nikariri ubao wa nesi wa macho, kisha nimfundishe kabla zamu ya darasa lake haijafika, nilipaswa kusema hapana na kutoka pale uani moja kwa moja hadi kwa mama, nimweleze kila nilichokuwa nakijua. Sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nasoma kidato cha pili, na nilijua kabisa kwamba jicho si kitu cha kufanyia mchezo. Nilikubali. Nilikubali haraka, tena kwa furaha, kama mtu aliyeitwa kwenye timu. Felista tulimzika mwezi uliopita. Baba na mama walitangulia siku nyingi. Waliokaa kwenye ile meza ya Tandika wamekwisha wote, nimebaki mimi, mzee wa miguu kuvimba, na ndiyo maana naandika habari za mwaka ule. Nikizinyamazia nitazikwa nazo, na watu wataendelea kuamini jambo lisilo la kweli.

Meza yenyewe ilikuwa ya kulia chakula, ya mninga, na ilijaza sebule yetu kiasi kwamba aliyekaa upande wa dirisha hakuweza kutoka mpaka wenzake wasimame. Tulikaa vyumba viwili na sebule nyuma ya duka la Bi Shariffa, mama wa Kiarabu aliyekuwa mwenye nyumba wetu, na mlango wake wa nyuma ulifungukia kwenye ua wetu. Baba alikuwa karani wa mizigo Kurasini. Familia moja ya Kizungu iliyokuwa ikirudi kwao ilimwachia maboksi saba ya picha za vipande, zile picha zilizobandikwa kwenye kadibodi na kukatwakatwa vipande mia tano au elfu moja, kazi yako ni kukaa ukavipanga mpaka picha irudi kama ilivyokuwa. Sisi tuliziita vipande tu. Kila boksi tulilipa jina lake la nyumbani: Farasi, Paka, Bandari, na lile gumu kuliko yote, Theluji, ambalo nusu nzima ya picha ilikuwa mlima mweupe chini ya mbingu nyeupe. Baba alikata ubao wa plaiwudi wa kutosha juu ya meza, ili picha isiyokwisha iinuliwe na kupandishwa juu ya kabati wakati wa kula. Jumapili tukishatoka kanisani na kula, ubao ulishushwa, na watu wanne waliokuwa wakisali pamoja asubuhi wakaanza kutukanana.

Nasema kutukanana kwa sababu kulikuwa na zawadi. Nyumba zote tulizozijua, akichinjwa kuku firigisi ni ya baba, hakuna mjadala. Baba yetu, sijui alipata wapi wazo hilo, siku ya kwanza kabisa aliiweka firigisi kwenye kisahani cha chai katikati ya meza na kutangaza kwamba italiwa na atakayeweka kipande cha mwisho. Shangazi yetu aliposikia alisema nyumba hii imekwisha. Mama, ambaye alikuwa hajawahi kuonja firigisi tangu aolewe, alicheka mpaka akashika ubavu, na kuanzia siku hiyo akawa mchezaji wa hatari kuliko sisi wote. Tulijigawa kambi mbili, baba na mimi upande wa dirisha, mama na Felista upande wa mlango. Kila kambi ikaanza kwake, tukakutana katikati. Na kwa kuwa kilichohesabika ni kipande cha mwisho, kila mtu alikuwa mwizi. Baba alificha kimoja kwenye soksi. Mama alifunga chake kwenye pindo la khanga. Mimi nilikamatwa nacho mdomoni, kimelowa, na picha ya Farasi ina doa hilo mpaka leo. Vikibaki vipande kama kumi, baba alisimama na kutangaza upekuzi.

"Mama Felista, fungua khanga."

"Huna adabu wewe mwanamume. Mbele ya watoto?"

"Pindo, mama, pindo! Mlima wangu una tundu, na tundu limo kwenye pindo lako."

Bi Shariffa alikuwa akija kusimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa kututazama. "Nyie watu wa bara mna mambo," alisema. "Mtu kaikata karatasi makusudi, nyie mnakaa kutwa kuirudisha. Si mngenunua iliyo nzima?" Lakini haondoki. Kuna siku alimnong'oneza mama mahali baba alipoficha chake, baba akamwita jasusi, naye akacheka akijifunika mdomo kwa mtandio.

Bingwa wetu hakuwa na haja ya kuficha kitu. Felista alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko kidato cha nne, mrefu, mkimya mpaka akae kwenye vipande. Sisi wengine tulitafuta kwa rangi. Yeye alipitisha kidole gumba kwenye kingo za kipande, akahesabu vichwa na makwapa, ndivyo tulivyoviita vile vishikizo na mashimo yake, halafu akatupa jicho mara moja kwenye ubao na kukipachika. "Hiki namjua mama yake," alikuwa akisema. Theluji aliiweza yeye peke yake. Alitaka kuwa mwalimu wa jiografia, na kwenye jalada la ndani la daftari lake alikuwa amechora ramani ya nchi nzima, mito yote, bila kuangalia kitabu.

Niliona kwa mara ya kwanza mwezi wa tatu. Mvua ilikuwa imekatika, tumekaa uani, yeye anachambua mchele kwenye ungo na mimi napiga pasi shati la shule. Mwaka ule mchele ulikuwa adimu, tulikuwa tunakula sana ugali wa unga wa njano, kwa hiyo ukipatikana wa Jumapili ulichambuliwa kama dhahabu. Nikaona mawe. Upande wa kulia wa ungo mchele ulikuwa safi, mweupe, na upande wa kushoto mawe na chuya vyote viko palepale, na yeye anainuka kwenda kuuosha.

"We Felista, unataka kutuvunja meno? Na huku je?"

Akausogeza ungo, akageuza kichwa chote kama anayechungulia mlangoni, akaona. Akakaa chini tena. Alichambua upande ule wa kushoto, halafu akaniambia nikaangalie kama mama yuko jikoni. Hakuwepo. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja.

"Hivi sikuoni," alisema. "Naona mwanga tu. Tangu Krismasi."

"Na hilo lingine?"

"Hili naona. Ila pembeni pameliwa. Ni kama mtu ananisogezea mapazia."

Nilimwambia twende kwa mama. Hilo nililisema, na sijidai kwa hilo, maana nililisema mara moja tu. Alinishika mkono. Alinikumbusha mwenzake wa darasani aliyelalamika kichwa, wazazi wake wakamrudisha kijijini akatafutiwe dawa, na hajaonekana tena. Alinikumbusha namna baba alivyokuwa. Mtu mwema, lakini mtoto akiugua yeye aliona shule ndiyo inayomwua. Aliwahi kumwachisha Felista mwaka mzima wa darasa la tano kwa ajili ya malaria, ndiyo maana alichelewa. "Mpaka mtihani tu, Damasi. Mwezi wa kumi na moja. Nikitoka chumba cha mtihani nawaambia mwenyewe, siku hiyohiyo." Akasema tena, "Nikiachishwa safari hii sirudi. Unajua sirudi." Nilijua. Shangazi alishaanza kuleta majina ya wachumba.

Jumapili iliyofuata nilihama kambi. Nilisema nimechoka kushindwa na baba, nataka kukaa na bingwa. Baba alisimama akaweka mkono kifuani. "Msaliti," alisema. "Nimekulea, nimekusomesha, unaniuza kwa firigisi." Mama akahamia upande wa dirisha akilalamika kwamba amepewa mzee asiyejua kutofautisha farasi na ng'ombe. Nikakaa kushoto kwa Felista, na kazi yangu ikawa kumwonea upande ule. Tuliweka ishara za miguu chini ya meza: mguu wangu ukigusa wake mara moja, kipande chako kiko mbele yako kushoto; mara mbili, kiko mbali, nitakusogezea. Rangi nilizitaja kwa kujifanya naongea peke yangu. "Bluu hizi zinanichosha," nilisema, na yeye akajua mkono wake uko kwenye bluu. Tulishinda Jumapili ile, na iliyofuata, na ya Pasaka.

Baba aligundua miguu. Aliinama kuokota kipande, akabaki chini ya meza muda mrefu kuliko lazima, akainuka na uso wa askari aliyekamata mali ya magendo. "Huku chini kuna watu wanapigiana simu!" Mama alicheka machozi yakamtoka. Tukaadhibiwa kuvaa viatu kwa mchezo mzima, na Bi Shariffa akaitwa aje kuwa shahidi. Yote yaliyopaswa kumshtua mtu mwenye akili yalikuwa mbele yao, msichana anageuza shingo nzima kutafuta kitu kilicho sentimita thelathini kutoka mkononi mwake, mdogo wake anamwongoza kwa miguu, na wao waliona wizi, kwa kuwa wizi ndio tuliokuwa tunaufanya kila Jumapili. "Shingo kama twiga," baba alimtania. "Acha kuchungulia vipande vyangu." Naye Felista akajibu, "Vyako havifai hata kuibwa, baba."

Sasa niseme lililo gumu. Nilikuwa na raha. Maisha yangu yote Felista alikuwa mbele, mimi nyuma; walimu walionifundisha baada yake waliniuliza kama kweli tumetoka nyumba moja. Mwaka ule alinihitaji. Asubuhi tukienda shule nilitembea kushoto kwake nikimwambia kuna shimo, kuna baiskeli, mwalimu fulani yule, msalimie. Jioni nilimsomea maandishi ya ubaoni niliyokopa kwa wenzake, maana alikuwa ameanza kukaa dawati la mbele na bado mistari ya kushoto ilimpotea. Nilijiona mtu mkubwa. Nikimkumbuka sasa yule kijana na shati lake lililopigwa pasi, namkuta hakuwa na huruma sana kwa dada yake. Alikuwa na furaha ya kuwa wa lazima, na mtu mwenye furaha hiyo hatafuti mwenzake apone haraka.

Mama aliona. Watu walikuja kusema hakuona, naye mwenyewe akaja kusema hivyo, lakini mimi nilikuwepo. Mwezi wa sita Felista aligonga kikombe cha chai kilichokuwa kushoto kwake, mara tatu katika wiki moja, na mara ya tatu mama hakumgombeza. Alikaa akamtazama. Akampa uzi na sindano atunge, Felista akatunga, kwa jicho zima, bila shida. Bado mama hakutulia. Nilimsikia akimwambia baba chumbani, ukuta wetu ulikuwa wa mbao, "Huyu mtoto ana kitu kwenye macho. Jumatatu ijayo nampeleka hospitali." Baba akasema, "Haya, mpeleke." Ilikuwa rahisi namna hiyo. Jumatatu ijayo, na mambo yangeishia hapo.

Wiki hiyohiyo shuleni ikatangazwa kwamba nesi wa macho atakuja kupima wanafunzi wote, kidato kwa kidato, chetu Jumanne, cha nne Alhamisi. Mama aliposikia akashukuru. Alisema basi atasubiri majibu ya nesi, mwenye mashine na utaalamu, kisha ajue la kufanya. Felista alinifuata uani nikiwa nafua. Hakulia, hakubembeleza.

"Wewe unapimwa kabla yangu," alisema. "Kariri. Tumekariri picha za vipande elfu, tutashindwa na kibao kimoja?"

Ndipo nilipokubali.

Kibao kilikuwa cheupe, kimetundikwa kwenye ukuta wa chumba cha maabara, kina alama moja tu iliyorudiwarudiwa, kama uma wa meno matatu, kubwa juu na kupungua kadiri unavyoshuka. Unaziba jicho, nesi anaonyesha kwa fimbo, nawe unaashiria kwa mkono meno yanaelekea wapi: juu, chini, kulia, kushoto. Hakuna mtoto wa kawaida angeweza kukishika chote kichwani. Mimi nilikuwa na mwaka na nusu wa kutazama maumbo na kuyarudisha mahali pake. Nilikishika kwa jicho la kwanza, nikakihakiki kwa la pili, nikatoka nikakichora nyuma ya daftari kabla ya kuongea na mtu. Nilikaa nje ya dirisha nikasikiliza wenzangu wanavyopimwa, nikagundua nesi anaanza juu kushoto kila mara na kwenda kama mtu anayesoma. Siku mbili tulifanya mazoezi nyuma ya choo kwa uma wa kulia chakula. Nilimsimamisha mbali, nikagusa ukuta na kuhesabu mstari, naye akaashiria. Alikosea mara mbili tu. Tulicheka sana. Kweli, sikumbuki siku nyingine tuliyocheka vile.

Alhamisi alirudi na karatasi. Macho yote mawili, mpaka mstari wa mwisho. Baba aliisoma kwa sauti mezani kama anayesoma waraka wa Paulo. "Jicho la kushoto, zuri. Jicho la kulia, zuri. Mama Felista, sikia, mwanao ana macho ya tai. Vikombe anavigonga kwa sababu ana mikono ya shangazi yake." Mama aliichukua karatasi, akaisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya kila neno. Akamwangalia Felista. Akaikunja na kuiweka ndani ya Biblia yake. "Haya," alisema. "Namshukuru Mungu. Nilikuwa na wasiwasi wangu bure." Jumatatu ikafika, hawakwenda hospitali.

Mtu mwingine mmoja aliona. Ramadhani iliangukia kipindi kile cha baridi, na Bi Shariffa alikuwa akituletea futari kila Ijumaa. Aliingia na sahani ya kaimati, akaipitisha kwa kila mtu, na kwa Felista akaifikisha upande wa kushoto, karibu kabisa na shavu. Felista aliendelea kutazama mbele. Bi Shariffa akasubiri. Akaisogeza kidogo, akaisogeza tena, mpaka ilipofika mbele ndipo Felista akashtuka, "Oh, shikamoo Bi Shariffa, samahani." Bi Shariffa hakuitikia salamu. Alinitazama mimi. "Huyu mtoto upande huu haoni," alisema, wala hakunong'ona. Mama alikuwa jikoni, baba yuko nje. Nikamjibu kwa mzaha, Mungu anisamehe, nikasema, "Anaona, Bi Shariffa, ila anaringa, anataka alishwe." Nikaongeza kwamba amepimwa shuleni, karatasi ipo. "Ana karatasi?" "Anayo, ya nesi." Alisimama kidogo na sahani yake. "Haya, kama wataalamu wamesema," alisema, akaondoka.

Baada ya hapo mapazia ya Felista yalikimbia kufunga. Mwezi wa tisa alikuwa anaona kama mtu anayetazama kwa kupitia tundu la ufunguo. Tulianza kukwepa vipande. Yeye akasema ana masomo, mimi nikasema namsaidia, na wazee wakatuachia sebule, wakifurahi kuona watoto wamekazana. Ubao ulikaa juu ya kabati na Bandari haijafika nusu. Nikamwambia, hilo nalo nililisema mara moja, kwamba tuwaambie. "Imebaki miezi miwili," alijibu. "Nimevumilia sita. Usiniangushe mwishoni." Nikanyamaza. Nilimsomea vitabu kwa sauti mpaka mimi mwenyewe nikajua jiografia ya kidato cha nne.

Siku ya kwanza ya mtihani nilimfikisha mpaka mlango wa ukumbi. Nilikuwa darasani kwangu, saa nne na nusu asubuhi, alipokuja mwalimu wa zamu kuniita. Felista alikuwa amekaa kwenye ngazi za ukumbi, mikono mapajani, karatasi ya maswali iko karibu yake na jiwe juu yake isipeperuke. "Ni nyeupe," aliniambia. "Damasi, karatasi yote ni nyeupe." Nilimshika mkono tukaenda nyumbani, kwa miguu, jua kali. Mama alikuwa anatwanga. Alipotuona tumeshikana mikono aliuacha mchi ukaanguka.

Hospitali walimwekea dawa ya matone na kumlaza chumba cha pili. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, akatuita baba na mimi peke yetu. Alisema ni presha ya macho, ambayo mara chache huwapata vijana. Alisema kilichopotea hakirudi, dawa na upasuaji hulinda kilichobaki tu, na kwa binti huyu hakijabaki cha kulinda. Baba akatoa mfukoni ile karatasi ya nesi, aliyokuwa ameichomoa kwenye Biblia ya mama. Daktari aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena. "Hii haiwezekani," alisema. "Mwezi wa sita jicho la kushoto lilikuwa limekufa tayari. Aliyempima hakumpima." Baba akauliza swali ambalo nilikuwa naomba asiulize. "Angeletwa wakati ule?" Daktari akavaa tena miwani yake. "La kulia lingebaki, mzee. Si lote, lakini angesoma. Angeona watu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha baba. Niliufungua mdomo. Baba akageuka akanishika mkono, machozi yanamtoka, akasema, "Dada yako asilijue hili. Atakufa kwa uchungu. Tuseme ni mapenzi ya Mungu." Nikasema, "Ndiyo, baba." Akaenda shuleni kumshtaki yule nesi, mwanamke aliyefanya kazi yake kwa uaminifu na akadanganywa na watoto wawili. Alimlaani mpaka siku ya kufa kwake, nami nilimsikiliza kila alipomlaani. Mama aliambiwa. Hakumlaani nesi. Alisema, "Mimi niliona. Niliona kwa macho yangu nikaiamini karatasi." Aliyasema hayo mwaka ule, na miaka kumi baadaye, na wiki aliyofariki, akiwa kitandani, alinishika akaniuliza kama ninadhani Felista amemsamehe. Nikamwambia hana kosa. Sikumwambia kwa nini nina uhakika.

Felista alifundishwa ufumaji na kazi ya kuunganisha simu ofisini. Aliolewa na mtu mzuri, akazaa watoto wawili ambao hakuwahi kuwaona. Mimi niliomba kazi mikoani, Tabora, kisha Shinyanga, na niliporudi Dar nilijenga Mbezi Beach, mbali kiasi cha kuwa na sababu ya kutokwenda kwake Temeke. Nilimpelekea vitu. Sukari, vitenge, redio. Sikukaa naye. Nikikaa naye alikuwa akinishika mkono, na mkono wake ulinitafuta kwa namna ileile ya kidole gumba kupita kwenye kingo, nami nikatafuta sababu ya kuondoka. Wiki mbili kabla Felista hajafa, binti yake Neema alinipigia simu. Nilikwenda nikiwa nimeamua kusema. Nilimkuta amelazwa kwenye godoro sebuleni, mwembamba sana. Neema akatupisha.

"Damasi," alisema, "unakumbuka tulivyomshinda yule nesi?"

"Nakumbuka."

"Uma, jamani!" Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Ile miezi mitano uliyonipa, mpaka mtihani. Ningekuwa nimekaa ndani kama gunia. Mie huwa nawaambiaga watoto, kila mtu angekuwa na mdogo kama wangu."

Nilikuwa na maneno yote tayari. Nilicheka pamoja naye. Nikamwekea mto vizuri, nikasema nitarudi Jumapili, sikurudi. Kwenye mazishi Neema alisoma wasifu wa marehemu na humo akaweka sentensi kuhusu mjomba wake aliyemsomea mama yake vitabu alipoanza kupoteza macho, asikate tamaa ya shule. Watu waligeuka kunitazama. Mzee mmoja nisiyemjua alikuja kunipa mkono.

Dada yangu angeishi na jicho moja. Angefanya mtihani wake mwaka uliofuata, maana akili ya kuufaulu alikuwa nayo, na angeziona sura za watoto wake. Nilimnyang'anya hayo siku niliyokikariri kile kibao, na kwa kunyamaza baada yake nikamwachia mama yangu kosa langu alibebe mpaka kaburini. Mimi mwenyewe nilimkimbia Felista miaka hamsini kwa sababu nilishindwa kukaa mbele ya mtu anayenishukuru. Hiyo ndiyo gharama. Nilikuwa na dada mmoja, alikuwa hai, anaishi saa moja kutoka kwangu, na sikuwa naye.